Sikununua gemu ili niteke maji

Najua nimekuwa kimya. Kazi za watu ni nyingi, na stima ya hapa Masii huja na kwenda kwa hiari yake. Lakini leo lazima niseme, maana kuna sifa moja ninayoisikia kila pembe na imenichosha: "Hii gemu ni kali, kila kitu ni kama kweli!" Kila kitu ni kama kweli. Haya. Mimi nauliza tu: kweli ya nani?

Nazungumzia zile gemu za dunia wazi, ambazo unaachiwa nchi nzima uzurure utakavyo. Tuanze na mfalme wao, Red Dead Redemption 2 ya Rockstar, iliyotoka Oktoba 2018 kwa PlayStation 4 na Xbox One, na mwaka uliofuata kwa kompyuta. Kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 150. Ndani yake wewe ni Arthur Morgan, jambazi wa Marekani mwaka 1899. Ndevu zake zinaota. Asipokula anakonda, akila mno ananenepa. Bunduki ikichafuka lazima aipake mafuta. Farasi lazima alishwe, apigwe brashi, abembelezwe akiogopa. Ukiwinda kulungu unamchuna, na unakaa pale ukitazama akichunwa, kisha unambeba hadi kwa farasi, na ukichelewa njiani nyama inaoza. Ukipekua nyumba Arthur anafungua droo, anatoa kopo, anatia mkobani, anafunga, anahamia droo ya pili. Risasi za kujitengenezea zinatengenezwa mojamoja. Kambini haruhusiwi kukimbia, ni kutembea tu kama mzee anayetoka kanisani. Na lile lililoandikwa sana kabla haijatoka: korodani za farasi dume hunywea kukiwa na baridi. Mtu alikaa kitako akaandika programu ya jambo hilo! Mimi naandika programu kupata mkate wangu, naheshimu kazi ya mwenzangu, na naamini ilikuwa imeandikwa vizuri. Swali langu ni mchezaji afanye nini na habari hiyo.

Sisemi gemu hiyo ni mbaya. Machweo yake yanaweza kukufanya usimamishe farasi ukae ukitazama, na hadithi yake ni nzito kuliko filamu nyingi. Ndiyo maana naisema. Gemu mbaya haina haja ya kusemwa, inajifia yenyewe.

Sasa tuje hapa kwetu. Katika mji mdogo kama Masii kijana hanunui gemu, analipia muda. Anaingia kibandani, anatoa shilingi zake, anapewa padi, na mwenye kibanda anatazama saa. Ile ya mpira hulipwa kwa mechi, nyingine kwa dakika. Hebu fanya hesabu ya nusu saa ya Arthur Morgan kwa mtu anayelipia kila dakika. Anaamka kambini, anatembea polepole hadi alipo farasi. Anapanda, anaenda mwendo mrefu hadi mahali pa misheni, na njiani wenzake wanapiga soga. Farasi amechoka, shuka umlishe. Anafika, inaanza sinema. Ikiisha, mwenye kibanda anamgusa bega: "Muda umeisha, boss. Unaongeza?" Kijana ametoa pesa zake na hajafyatua risasi hata moja. Kisha watu wa Nairobi wanaandika kwamba vijana wa mashinani wanapenda mpira na GTA tu kwa sababu hawajui gemu za maana. Wanajua sana. Wanajua bei ya dakika, jambo ambalo mtengenezaji wa kule hajawahi kulazimika kulifikiria, kwa sababu mteja wake amelipa mara moja na kilichobaki ni jioni zake.

Lakini hata ukiondoa pesa, bado kuna uongo mkubwa katika "uhalisia" huo, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Katika maisha halisi watu hawafanyi kazi za kuchosha hivyo. Watu hukwepa! Nenda kioski ya maji wakati wa kiangazi, ule mwezi wa Septemba kabla ya mvua za vuli. Utaona foleni ndefu ya mitungi ya lita 20, ya manjano, ya bluu, mmoja una kifuniko cha gunzi la mahindi. Wenye mitungi wako wapi? Hawapo. Mtungi ndio umesimama foleni. Mwenyewe ameenda sokoni kununua ndengu, au yuko chini ya mti anasukwa nywele, na amemwambia jirani, "Mwaitu, nisukumie wangu ukisogea." Foleni inaenda, maisha yanaenda. Sasa weka foleni hiyo kwenye gemu ya leo yenye uhalisia. Mchoro wa mtungi utakuwa wa ajabu, utaona mikwaruzo na tope lililokauka chini yake. Na wewe mchezaji utasimama pale, mtu wa kumi na saba, ukishika kitufe.

Chumvi ikiisha nyumbani, ni nani mtu mzima anayeenda dukani? Anatumwa mtoto. Muthokoi ni chakula chetu cha jadi na zamani ulitwangwa kwa kinu na mchi hadi mikono ipate sugu. Siku hizi unakobolewa mashineni, na ukipikwa unapikwa sufuria kubwa ya kuliwa leo na kesho. Mtu akiwa na mzigo kutoka sokoni, anapigia simu mwenye boda boda anayemjua. Binadamu tangu azaliwe anatafuta njia ya mkato. Kazi ya kuchosha tunayo, ndiyo, lakini tunayo pamoja na werevu wa kuipunguza, na huo werevu ni nusu ya maisha yenyewe. Hizi gemu zinakuletea kazi, halafu zinakunyang'anya werevu. Arthur Morgan ana genge zima kambini, watu wazima wamekaa wanacheza karata, na hawezi kumwambia hata mmoja wao, "Hebu nipakie hii bunduki mafuta." Huo si uhalisia. Huo ni upweke wa ajabu sana.

Na sisi waandishi wa programu ndio tungekuwa wa kwanza kuliona hili. Kazi yetu yote ni kukwepa marudio! Jambo ukilifanya mara tatu kwa mkono, mara ya nne unaandika skripti. Mtu huyo huyo ambaye hawezi kubadilisha majina ya mafaili ishirini kwa mkono bila kulalamika, ndiye anayeketi kumtengenezea mwenzake gemu ya kufungua droo mia nne moja baada ya nyingine.

Nimeambiwa na rafiki mmoja kwamba sielewi, kwamba ucheleweshaji ndio unaokuzamisha katika dunia ile, ukimaliza unajisikia umeishi pale. Hoja hiyo naijua na ina ukweli ndani yake, kwa hiyo sitaipita haraka.

Ipo Death Stranding ya Kojima Productions, ya mwaka 2019. Gemu nzima ni kubeba mizigo. Nzima! Unaifunga mgongoni, unavuka mito na mawe, ukiinama vibaya unaanguka na mzigo unatawanyika. Kwa maelezo yangu ya juu ningepaswa kuichukia. Siichukii hata kidogo, na mama yeyote wa Ukambani aliyewahi kubeba mtungi mgongoni kwa ukamba uliopita kwenye paji la uso angeielewa bila kufundishwa. Kwa nini? Kwa sababu kila hatua ina swali. Nipite huku kufupi penye mawe, au nizunguke? Nibebe yote mara moja nihatarishe, au niende safari mbili? Ngazi niibebe, ilhali nayo ina uzito? Na ukiisha kuteseka unajenga daraja, unajenga barabara, na wachezaji wengine duniani wanalipita daraja lako kama wewe unavyopita la kwao. Yaani njia ya mkato imo ndani ya mchezo, na umeitolea jasho. Huo mzigo ni mzito kuliko mizigo yote ya Arthur, na haunichoshi.

Kwa hiyo msije mkasema nadai raha tupu. Hata mateso nayakubali, mradi niwe na la kuamua.

Chukua na Far Cry 2 ya Ubisoft, ya 2008, ambayo inatuhusu kidogo maana imewekwa katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, yenye vita. Ndani yake kuna uhalisia wa aina mbili na ni kama uliandikwa na watu wawili wasiosalimiana. Bunduki zinashika kutu. Uliyookota kwa adui aliyekufa inaweza kukwama katikati ya mapigano. Uliyonunua mpya kwa almasi inaaminika zaidi. Hapo kuna uamuzi: nitumie hii ya bure nikijua itaniangusha, au nirudi nikanunue? Moto nao unafuata upepo na nyasi kavu. Anayejua jinsi nyasi zinavyowaka hapa mwezi wa Agosti atawasha moto upande upepo unakotoka na kukaa pembeni. Safi kabisa, huo ni uhalisia wa kufikiria nao.

Halafu kuna malaria. Mhusika wako anayo, na kila baada ya muda macho yanafifia, kioo kinageuka rangi, unabonyeza kitufe, unameza kidonge, basi. Vidonge vikiisha unaenda kwa watu wanaowaficha wakimbizi, unawapelekea hati za kusafiria, unapewa vingine. Jamani, mimi malaria nimeiugua. Inakulaza, viungo vinauma hadi nywele, unaahirisha kazi ya watu na kuomba udhuru, mtu anakuletea uji. Kule hakuna chandarua cha kutundika wala haijalishi ulilala wapi. Ugonjwa unaoua watu wengi hivi Afrika umekuwa kengele ya kukumbusha kubonyeza kitufe. Tena vizuizi vya barabarani: umepigana, umewamaliza walinzi wote, ukienda mbali kidogo ukarudi wapo wengine wale wale. Na katika nchi hiyo nzima, yenye kutu iliyochorwa kwa ustadi kwenye kila bunduki, hakuna soko. Hakuna mtu anayechunga mbuzi. Raia karibu hakuna, ukiwatoa hao wachache waliojificha. Utaona punda milia, swala, na wanaume wenye bunduki. Wanapoamua nini kichorwe kwa undani na nini kiachwe, huo nao ni msimamo, hata kama wenyewe wanauita uhalisia.

Kingdom Come: Deliverance ya Warhorse wa Ucheki, ya mwaka 2018, ilifanya kosa na jambo la ajabu katika gemu moja. Kosa: kuhifadhi ulipofika ulihitaji kunywa pombe fulani ambayo lazima uinunue au uipike, ama ulale kitandani. Mtu mwenye kazi asubuhi, mtoto analia chumba cha pili, anaambiwa hawezi kuzima mashine hadi apate chupa. Watu walilalamika, wakaongezewa uwezo wa kuhifadhi wakati wa kutoka. Jambo la ajabu: Henry, kijana wa mhunzi katika Bohemia ya 1403, hajui kusoma. Ukifungua kitabu, herufi zimevurugika. Lazima umtafute mwandishi akufundishe, na ukirudi kwenye kitabu kile kile sasa maneno yanakaa sawa. Nilipoona hivyo nilimkumbuka nyanya yangu na ngumbaru, yale masomo ya watu wazima. Kazi ile ni ya kuchosha pia, lakini unaifanya mara moja na baada yake wewe ni mtu mwingine.

Mara moja. Neno hilo ni kubwa. Hata Red Dead yenyewe inalijua mwishoni. Katika sehemu ya kufunga hadithi, John Marston, mtu aliyeua wengi, anakuwa kibarua shambani. Anazoa samadi kwa sepetu. Anakamua ng'ombe, nawe unabonyeza vitufe viwili vya nyuma ya padi, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Hapa Masii kijana aliyekamua saa kumi na moja asubuhi anaweza kucheka mbavu zimuume, lakini sehemu hiyo ni nzuri mno! Inachekesha, na inakuonyesha mtu anavyohangaika kuwa mwema kwa mikono isiyozoea. Wangeniambia nikamue kila asubuhi ya gemu kwa saa sitini, sehemu ile ile ingekuwa adhabu.

Na GTA: San Andreas ya 2004, ile tuliyoicheza kwenye PlayStation 2 hadi padi zikaisha mpira? CJ alikula, alinenepa, alienda jimu, akila kupita kiasi alitapika. Yote hayo kwa sekunde chache, na mwili wake ulibadilika mbele ya macho yako. Tulimnenepesha makusudi ili tucheke. Yaani miaka kumi na minne kabla ya Arthur, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeshajua kipimo.

Kwa nini basi kipimo kinapotea? Nadhani ni kwa sababu undani unahesabika. Meneja anaweza kuandika orodha: ndevu zinaota, tope linakauka, farasi anahema. Kila kimoja kinampata mfanyakazi wake, kinapata tarehe, kinaingia kwenye tangazo. Lakini "mchezaji ana jambo la kuamua hapa" hiyo utaiandikaje kwenye orodha? Na undani huo unaliwa na miili ya watu. Oktoba 2018, Dan Houser wa Rockstar aliliambia jarida moja la New York kwamba mwaka ule walifanya kazi saa 100 kwa wiki mara kadhaa. Kelele zilipozuka akafafanua kwamba alimaanisha waandishi wakuu wanne, yeye akiwemo, kwa wiki tatu. Hata tukichukua hiyo ndogo, saa 100 ni zaidi ya saa 14 kila siku, Jumapili zikiwemo.

Watumiaji wenyewe wanajua undani upi una maana, ukiwauliza. Niliwahi kukiandikia chama kimoja cha akina mama programu ya kuweka hesabu. Nilimwuliza mweka hazina katika daftari lao lote anataka nini kibaki vile vile. Nilitarajia orodha ndefu. Akasema, "Mwanangu, hao wenye deni waandikwe kwa wino mwekundu. Hayo mengine fanya unavyojua." Wino mwekundu tu. Kwa sababu wekundu ule unamwambia ampigie nani simu Ijumaa.

Vijana wanaochezea Bus Simulator Indonesia kwenye simu wanajua pia. Gemu hiyo ni ya Indonesia, lakini inaruhusu kuongeza magari yako, na Wakenya wameijaza mabasi yetu, rangi zetu, michoro yetu, honi zetu. Tazama wameongeza nini na wameacha nini! Sijaona hata mmoja aliyetengeneza kungoja gari lijae pale stendi. Matatu ya abiria 14, mmekaa kumi na wawili, dereva hayupo, wapiga debe wameketi viti viwili wakijifanya abiria ili mpande mkidhani mnaondoka. Huo ndio uhalisia wenyewe, hakuna mwenye kuutaka, na wao hawajauweka.

Sasa, kilichonifanya niandike haya yote. Kuna kijana hapa Masii aliyejifundisha mwenyewe kutengeneza gemu kwa Godot, kwenye kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Anatengeneza gemu ya dunia wazi ya Ukambani: matuta ya fanya juu yanayopanda mlimani, mto wa mchanga, punda, siku ya soko. Amenionyesha. Punda wake anatikisa sikio nzi akitua. Ni mzuri kweli, nimekaa nikamtazama. Lakini kijana ametumia miezi mitano juu ya punda. Ameweka mita ya kiu, mita ya njaa, mita ya kiu ya punda, mita ya kwato. Ukifika mtoni unachimba kisima mchangani, na maji yanajikusanya taratibu kama yanavyofanya kweli, nawe unasubiri. Nilihesabu dakika nne za kutazama shimo.

Nikamwuliza, "Wewe ukienda mtoni, hizo dakika nne unafanya nini?"

"Napiga stori na wenzangu. Ama nachimba la pili."

"Hilo la pili liko wapi kwenye gemu?"

Akanyamaza. Hapo tulikaa hadi usiku. Shimo la pili ni uamuzi. Wenzake ni uamuzi: umwachie mama huyu mwenye mtoto mgongoni achote kwanza, kesho atakusukumia mtungi wako kioski? Mtungi uliosimama foleni wakati wewe umeenda kuuza ndengu ni uamuzi, maana ukichelewa zamu inapita. Ukiwa na pesa ya kukodi punda wa jirani utamkodi, au utaiweka kwa karo? Hayo yote hayahitaji nzi wala sikio. Wachongaji wa Wamunyu, hapo mbele yetu kwenye barabara ya Kitui, wanatoa twiga anayejulikana kuwa twiga kwa panga na tezo, na hakuna anayechonga nywele moja moja.

Kijana amekubali kutoa mita ya kwato na mita ya njaa. Mita ya kiu ya punda amekataa kata kata, anasema punda wa babake alikufa kiangazi kimoja na mchezaji lazima aijue hofu hiyo. Hilo sikumbishia. Mitungi ya foleni ameanza kuiweka wiki hii; jana ilikuwa inapitana ukutani na mmoja ukaruka angani, lakini hiyo ni hitilafu ya kawaida, tutairekebisha Jumamosi stima ikiwepo.